MAUA YA MAJIRA YA KUCHIPUA NA LEBO YAKE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wawakilishi wa wafanyakazi wa mashamba ya maua, Naivasha. Imechapwa hapa kwa ombi la matawi ambayo hayakuweza kuleta watu.)



Nimeombwa niseme juu ya lebo. Wengi wenu mmezibandika kwa mikono yenu wenyewe. Mnafunga fungu la waridi, mnalivika karatasi ya nailoni, na juu yake mnabandika alama ndogo yenye rangi. Alama hiyo inamwambia mnunuzi wa ng'ambo kwamba ua hili limelimwa kwa haki, kwamba aliyelikata hakudhulumiwa, na kwamba maji na udongo havikuharibiwa. Mimi nilipouliza katika matawi matatu alama hiyo inaahidi nini hasa, ni wachache sana walioweza kunijibu. Mama mmoja aliniambia, "Hiyo ni ya wazungu, sisi tunabandika tu." Jibu lake ni la kweli, na ndilo jambo nililokuja kulizungumza.

Kwanza tujue majira. Kule Ulaya baridi huanza kuondoka mwezi wa tatu. Miti iliyokaa uchi tangu mwezi wa kumi na moja inachipua majani, watu wanafungua madirisha, na maduka yanajaza bidhaa za majira hayo ya kuchipua: nguo nyepesi, vyombo vya bustani, na maua. Siku hizi wanunuzi wengi wanataka bidhaa hizo ziwe zimetengenezwa kwa haki, na wenye maduka wamegundua kwamba haki inauzika. Sisi majira hayo tunayajua kwa migongo yetu. Yanaanza kwetu kabla ya baridi yao kwisha, kwa sababu ya siku ya wapendanao, tarehe 14 Februari. Halafu inakuja tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, ambayo Urusi na nchi jirani zake hununua maua kwa wingi mno. Halafu Uingereza wana Jumapili ya Mama, ambayo ni Jumapili ya nne ya Kwaresima, na kwa kawaida huangukia Machi. Wajerumani, Waholanzi na Wamarekani siku yao ya mama ni Jumapili ya pili ya mwezi wa tano. Kwa hiyo tangu mwisho wa Januari mpaka katikati ya Mei hatupati pumzi. Huko wanasherehekea mama zao, na huku mama wa Karagita na Kamere anafika nyumbani watoto wamekwisha kulala.

Sisemi hivyo kwa kumchukia mnunuzi. Mwanamke anayenunua fungu la waridi katika supamaketi ya London mara nyingi ni muuguzi, au karani, au mke wa dereva wa basi. Yeye pia anahesabu pesa zake kabla ya mwisho wa mwezi. Akiona mafungu mawili, moja lina lebo na jingine halina, akachukua lenye lebo, ametenda jambo jema kadiri ya ujuzi wake. Amelipa kwa ajili ya haki. Swali letu ni kama ile haki aliyoilipia imefika hapa, au imepotea njiani.

Basi tuitazame njia yenyewe. Waridi linakatwa asubuhi, na mengine yanakatwa tena mchana, kwa sababu likichanua kidogo tu kupita kiasi halina bei. Linatiwa ndani ya ndoo yenye maji na dawa, linapelekwa chumba cha baridi, kisha linaingia kwenye meza za kupanga gredi. Hapo mnajua wenyewe: urefu wa shina, ukubwa wa kichwa, jani lenye doa, yote yanatazamwa na dada aliyesimama tangu asubuhi. Likitoka hapo linafungwa, linatiwa katika sanduku, linapanda lori la baridi kwenda uwanja wa ndege wa Nairobi, na usiku linaruka. Kesho yake liko Uholanzi.

Kwa miaka mingi maua yetu mengi yaliuzwa kwenye mnada wa kule Aalsmeer. Mnada huo si kama mnada wetu wa ng'ombe. Wao wana saa kubwa, na bei haipandi, inashuka. Inaanza juu na kuteremka upesi, na wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye amenunua. Mnunuzi akichelewa kidogo, mwenzake amechukua. Akiwahi mno, amelipa zaidi. Sasa wanunuzi wengi hata hawakai mbele ya saa hiyo, wanabonyeza kwenye kompyuta wakiwa mbali. Bei ya mnada ni kama hali ya hewa, huwezi kuishtaki.

Lakini tangu supamaketi kubwa zilipoanza kununua moja kwa moja kutoka mashambani, mambo yamekuwa mengine. Supamaketi inapatana bei mapema, na inataka lebo. Hilo ni jema. Lakini pia inataka kubadilisha oda. Jumatatu inasema itachukua masanduku kadha wa kadha; Alhamisi, mvua ikinyesha London au jua likiwaka sana, inaongeza au inapunguza. Tajiri wa shamba hawezi kusema hapana, maana jirani yake atasema ndiyo. Kwa hiyo anageuka na kumwambia meneja, meneja anamwambia supavaisa, na supavaisa anasimama mlangoni mwa chumba cha gredi saa kumi jioni na kusema, "Leo hakuna kutoka mpaka oda iishe."

Hapa ndipo ninapotaka msikilize vizuri. Supamaketi nyingi za Uingereza ni wanachama wa mpango mmoja uitwao Ethical Trading Initiative, ulioanzishwa mwaka 1998. Ndani yake wamo wenye maduka, yamo mashirika yasiyo ya kiserikali, na vyama vya wafanyakazi pia vimo. Mpango huo una kanuni zenye vifungu tisa. Kifungu kimoja kinasema mfanyakazi asifanye kazi ya kawaida kupita saa 48 kwa juma, na akiongeza ovataimu jumla isipite saa 60, isipokuwa kwa masharti maalum, na katika siku saba apate angalau siku moja ya kupumzika. Na ovataimu iwe ya hiari. Sasa mtu yule yule aliyetia sahihi kanuni hiyo ndiye aliyebadilisha oda siku ya Alhamisi. Anayenunua maua amekaa meza moja, na anayelinda kanuni amekaa meza nyingine, na sijui kama watu hawa wawili hunywa chai pamoja. Odita akija na kukuta juma la saa 70, anayeandikwa mkosaji ni shamba. Oda haiandikwi popote.

Ndugu zangu, habari ya lebo haikuanza jana wala haikuanza kwa maua. Katika miaka ya 1870, huko San Francisco, Marekani, mafundi wa sigara walitoa lebo nyeupe ya kubandika kwenye masanduku ya sigara. Ilikuwa ni kazi ya chama cha wafanyakazi, na baadaye vyama vingi vya Marekani viliiga desturi hiyo. Lakini lebo ile ya kwanza ilimaanisha kwamba sigara zimetengenezwa na mikono ya watu weupe, ili watu wasinunue zilizotengenezwa na Wachina. Wachina wale walikuwa wafanyakazi kama wao, wenye kulipwa kidogo kuliko wao. Nimeitaja habari hii makusudi. Lebo inaweza kutoka mikononi mwa wafanyakazi wenyewe na bado ikawa ya kumfungia mlango mfanyakazi mwingine. Tunapodai haki kwa ajili ya wenye kazi ya kudumu tu, na kumwacha nje kibarua wa miezi mitatu, tutazame tusibandike lebo ya namna hiyo hiyo.

Jambo la pili ni la karibu zaidi. Tarehe 11 Septemba 2012 kiwanda cha nguo kiitwacho Ali Enterprises kiliungua moto mjini Karachi, Pakistan. Watu zaidi ya 250 walikufa. Madirisha yalikuwa na vyuma, na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Wiki chache tu kabla ya moto huo, kiwanda hicho kilikuwa kimepewa hati ya kimataifa ya kuonyesha kwamba wafanyakazi wake wako katika hali njema na salama. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza likaanguka huko Bangladesh, karibu na Dhaka, na watu zaidi ya 1,100 wakafa wakishona nguo za maduka ya Ulaya na Marekani. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa humo iliwaambia watu wake wasije. Wafanyakazi wa nguo waliamriwa warudi. Viwanda viwili katika jengo hilo vilikuwa vimekwisha kukaguliwa na maodita wa kanuni za namna hii. Lakini odita anatazama vitabu vya mishahara na vizima moto, na hakuna aliyemwuliza mshonaji kama ukuta umepasuka. Na hata mshonaji angesema, hakukuwa na chama cha kusimama nyuma yake.

Kilichokuja baada ya Rana Plaza ndicho tunachopaswa kukijifunza. Mwezi wa tano mwaka huo huo, vyama vya kimataifa vya wafanyakazi, IndustriALL na UNI, vilitia sahihi mapatano na wenye maduka. Tofauti yake na kanuni za zamani ni moja: yale yalikuwa mapatano yenye nguvu ya sheria, na vyama vilikuwa upande mmoja wa meza. Mwenye duka akivunja, angeweza kushtakiwa. Makampuni zaidi ya 200 yalitia sahihi. Wahandisi wakapelekwa, milango ya kufungwa kwa kufuli ikang'olewa, na majengo mabovu yakatengenezwa au yakafungwa. Watu wale wale, maduka yale yale, lakini karatasi ya namna nyingine.

Sasa nirudi Naivasha. Msidhani nimekuja kuitukana lebo. Mgala muue na haki yake mpe. Maua yalianza kulimwa hapa kwa biashara kubwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ilipokuja kampuni moja ya Denmark. Miaka mingi baadaye bado watu walipiga dawa wakiwa wamejifunga kitambaa puani, na akina mama waliingizwa grinhausi dawa haijakauka. Waliokuwepo miaka ya 1990 wanakumbuka. Chama cha wakulima wa maua, Kenya Flower Council, kilianzishwa mwaka 1996 na kikaandika kanuni zake. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashirika ya haki na magazeti ya Uingereza yalipiga kelele juu ya vibarua wasio na barua za kazi, juu ya wenye mimba kufukuzwa, na juu ya masupavaisa waliodai miili ya wanawake kabla ya kuwapa kazi. Wanunuzi waliogopa aibu. Mashamba mengi yakaanza kutoa barua za kazi, yakatoa mavazi ya wapiga dawa, yakaanza kuwapima damu, na yakaweka ubao mlangoni wenye saa ya kuingia baada ya dawa. Mimi siwezi kusimama hapa na kusema lebo haikuleta kitu.

Lakini nimeona pia mambo haya. Katika shamba moja, silitaji jina, odita alitarajiwa siku ya Jumatano. Jumanne jioni glavu mpya ziligawiwa, kila mtu jozi moja. Bango la namba ya kupiga simu mtu akidhulumiwa likatundikwa karibu na choo. Vibarua wakaambiwa Jumatano ni siku yao ya kupumzika, na huko nyuma hawakuwahi kupewa siku ya kupumzika katikati ya juma. Odita akaja, akaketi ofisini pamoja na meneja, akaomba azungumze na wafanyakazi kumi. Meneja akachagua majina. Alhamisi asubuhi stoo ikadai glavu zirudishwe. Shamba lile lilipata alama nzuri, na majira yale ya kuchipua waridi zake zilikaa madukani zikiwa na lebo kama zingine zote.

Kwa nini wale kumi hawakusema? Hapa tuwe wakweli. Hawakusema kwa sababu wanaogopa, na hofu yao ina msingi. Mtu anawaza hivi: nikisema ukweli, shamba litanyang'anywa lebo, likinyang'anywa lebo, supamaketi itaondoka, supamaketi ikiondoka, nitafukuzwa mimi na wenzangu mia tano, na watanilaani. Tuliona wote mwezi wa Machi 2020 jinsi soko linavyoweza kufa kwa juma moja. Ugonjwa wa korona ulifunga maduka ya Ulaya siku chache kabla ya Jumapili ya Mama ya Waingereza, maua yakatupwa kwa malori, na maelfu yetu tukarudishwa nyumbani bila mshahara. Hakuna lebo iliyotulipa kodi ya nyumba mwezi ule. Mtu aliyepita hapo hachezi na oda.

Kwa hiyo wale wanaotuambia tupeleke ujumbe Ulaya, watu waache kununua maua ya Kenya mpaka haki ipatikane, mimi siungani nao. Wanaweza kuwa na moyo mwema, lakini si wao watakaolala njaa. Tunachotaka ni kusema ukweli na bado oda ibaki. Njia ya kufanya hivyo si kumnong'onezea odita. Odita anakuja mara moja kwa mwaka na kulala hotelini. Mwakilishi wa chama yuko hapo kila siku, analijua shamba, na halipwi na anayekaguliwa. Kosa likiandikwa mezani kati ya chama na tajiri, likarekebishwa kabla odita hajafika, hakuna anayepoteza soko. Matajiri wenye akili wanalijua hilo. Wengine bado wanamwona mwakilishi kama mchochezi, na odita kama mgeni wa heshima.

Niseme kidogo juu ya upande wa mazingira, kwa maana lebo inaahidi hayo pia, na wengine wetu hudhani ni mambo ya watalii na viboko. Si hivyo. Maji ya ziwa ni kazi yetu. Ukame wa mwaka 2009 ulipolishusha ziwa mno, na mwanzoni mwa 2010 samaki wengi walipokufa, wavuvi walisema ni dawa za mashamba, serikali ikasema ni upungufu wa hewa katika maji, na wanunuzi wa Ulaya wakaanza kuuliza maswali. Kisha ziwa likageuka. Mwaka 2020 lilipanda mpaka likaingia nyumba za watu Kihoto, na mwaka 2025 likaingia tena. Waliohama na magodoro kichwani wengi walikuwa watu wa maua. Mashamba mengine yamejenga mabwawa ya matete ya kuchuja maji machafu, mengine yanarudisha maji ya matone yatumike tena, na wengi wameacha dawa kali za utitiri mwekundu wakaweka wadudu wadogo wanaoula utitiri huo. Hili la mwisho lina faida kwa mapafu ya mpiga dawa kabla ya kuwa na faida kwa ndege wa ziwani. Lakini wapiga dawa walipopunguzwa, je, walipewa kazi nyingine? Hilo hakuna lebo inayouliza.

Kule Ulaya pia wako wanaosema ua lililopanda ndege haliwezi kuwa jema kwa dunia, afadhali kununua la karibu. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, kilipiga hesabu. Waridi 12,000 za Kenya, pamoja na safari ya ndege, zilitoa hewa chafu ya kaboni kilo 6,000. Waridi 12,000 za Uholanzi zilitoa kilo 35,000, kwa sababu nyumba zao zilipashwa moto na kuwashwa taa, na sisi jua letu ni la bure. Hesabu hiyo ni ya zamani kidogo sasa, na Waholanzi nao wamebadilisha mitambo yao, lakini msikubali kuambiwa kwamba kazi yenu ni uchafu kwa sababu tu ni ya mbali.

Sasa juu ya pesa ya Fairtrade. Hii nimeulizwa kila tawi. Shamba lenye alama ya Fairtrade linapouza ua kwa alama hiyo, mnunuzi anaongeza asilimia 10 juu ya bei, na pesa hiyo inaingia katika mfuko unaosimamiwa na kamati iliyochaguliwa na wafanyakazi. Imejenga madarasa, imelipa karo, imeleta maji. Mambo mema. Ila mfahamu mambo mawili. Kwanza, asilimia hiyo inatoka kwenye maua yaliyouzwa kwa alama tu. Shamba linaweza kuwa na hati ya Fairtrade na likauza sehemu ndogo tu ya maua yake kwa njia hiyo, na mengine yote yakapita mnadani bila nyongeza. Kwa hiyo kamati iulize kila msimu, ni mashina mangapi yameuzwa kwa alama? Pili, pesa hiyo si mshahara. Nimesikia tajiri mmoja akisema katika mazungumzo, "Tayari mnapata Fairtrade, mnataka nyongeza ya nini tena?" Hiyo ni sawa na mtu kukwambia asikulipe kwa sababu jirani amempa mtoto wako daftari. Mshahara unajadiliwa na chama. Mfuko unasimamiwa na kamati. Wajumbe wengine ni wale wale, na ni vizuri, lakini vitabu visichanganywe.

Na kamati isitumiwe kuua chama. Kanuni za Fairtrade za mashamba yenye wafanyakazi wa kuajiriwa zinamtaka tajiri atie sahihi ahadi ya kuheshimu haki ya kujiunga na chama, aibandike mahali inapoonekana, na iwe katika lugha ambayo wafanyakazi wanaielewa. Kesho mkifika kazini itafuteni hiyo karatasi. Kama iko kwa Kiingereza ndani ya kabati la meneja wa watumishi, haijabandikwa.

Hata pasipo lebo yoyote tunayo sheria yetu wenyewe, nayo haitegemei mnunuzi yeyote. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja hatazamwi tena kama kibarua wa kutwa. Inampa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Inamtaka tajiri mwenye watu 20 au zaidi aandike msimamo wake dhidi ya kudhulumu watu kwa tamaa ya mwili, na awajulishe wafanyakazi. Sheria ya Usalama Kazini ya mwaka huo huo inataka kamati ya usalama pale penye watu 20 au zaidi, na wafanyakazi wawemo. Na Sheria ya Mahusiano Kazini, ya 2007 pia, inasema tukipata zaidi ya nusu ya watu, tajiri lazima atutambue, na mapatano ya pamoja yakiandikishwa mahakamani yanakuwa sehemu ya mkataba wa kila mmoja wenu. Mtaona sasa kwa nini ninaisifu karatasi ya Bangladesh. Sisi tunayo karatasi ya namna hiyo. Ile ya mnunuzi ni ahadi kati ya duka na shamba, sisi hatukuwepo. Hii ya mapatano tulikuwepo, na sahihi yetu iko chini.

Shauri langu, na shauri la kamati ya wilaya, ni kwamba katika mazungumzo yajayo tuiingize ahadi ya lebo ndani ya mapatano. Kama shamba limemwambia mnunuzi kwamba watu wake hawapiti saa 60 kwa juma, basi liandike hivyo hivyo kwetu. Kama limesema ovataimu ni ya hiari, liandike kwamba mtu akikataa saa kumi jioni hatakuta jina lake limetolewa kesho. Na mwakilishi wa chama awepo odita anapokutana na wafanyakazi, na majina yachaguliwe kutoka kitabu cha malipo, vibarua wakiwemo, siyo kutoka mdomoni mwa meneja. Hatuombi kitu kipya ambacho hawajakwisha kukiahidi kwa wageni.

Tajiri atajibu kwamba oda zinabadilishwa na supamaketi, yeye afanyeje? Swali hilo ni la haki na tusilicheke. Jibu letu ni hesabu. Tukiwa na karatasi inayoonyesha kwamba kila Alhamisi oda ilipoongezwa saa zilipanda kutoka kadhaa mpaka kadhaa, vyama vya Uingereza vilivyomo katika ule mpango wa 1998 vitaweza kuiweka mezani mbele ya mwenye duka. Wamekwisha kusema wako tayari kuuliza, ila wanataka tarehe na saa. Malalamiko bila hesabu wanayo mengi.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, karatasi za saa zimechapwa na ziko kwa karani wa tawi pale mlangoni. Zina nafasi ya tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na nafasi ya kuandika kama ulitaarifiwa asubuhi au jioni. Majina hayaandikwi, ni namba ya kundi tu. Kila mwakilishi achukue za kutosha chumba cha gredi na wakataji, na wale wa vibarua wasisahauliwe. Tunaanza juma hili, kabla ya oda za Machi, tuendelee mpaka Jumapili ya pili ya mwezi wa tano ipite, na zirudishwe ofisini kila Jumamosi. Ambaye hajui kuandika asaidiwe na mwenzake, siyo na supavaisa.

Nimemaliza. Wale wanaokaa mbali waulize maswali yao kwanza, kwa sababu matatu ya mwisho ya Kamere inaondoka saa moja.